Hatua 340: Nilivyoitafuta nyumba ya bibi Ujiji kwa miguu

Mama yangu alizaliwa Ujiji mwaka 1960, akaondoka na bibi akiwa na miaka 14, na hakurudi tena kukaa. Hakutuachia hati wala picha ya nyumba yao. Alituachia namba. Kila tulipolalamikia kuchota maji bombani kwetu Tabora, alisema: "Kutoka mlangoni kwetu hadi ziwani ni hatua 340, na nilikuwa nakwenda mara tatu kabla ya shule." Alikuwa akizihesabu na ndoo kichwani, kwa sababu aliona mzigo unaohesabiwa unafika upesi. Nyumba yenyewe alituchorea kwa maneno. Mlango ulitazama ziwa, nyuma palikuwa na mwembe, mbele baraza la udongo ambapo bibi aliuza mawese kwa kibaba.

Mama alifariki mwaka 2022. Juni 2024 kaka yangu alikuwa amehamishiwa Kigoma kikazi, anakaa mtaa wa Mwanga mjini hapo na mke wake, nami nikachukua likizo ya wiki tatu kwenda kuitafuta hiyo nyumba. Nilidhani ni kazi ya siku mbili. Ilinichukua siku 17, viatu jozi moja, kama shilingi 180,000 ambazo sikuzipangia, na aibu moja ambayo wifi yangu aliibeba pamoja nami bila kosa lake. Nayaandika kwa sababu najua wako wengi wenye mama au bibi wa Ujiji, na wengi wetu tunarudi tukiwa tumechelewa.

Siku ya kwanza niliamua kutembea kutoka stesheni ya Kigoma hadi Ujiji, kilomita kama saba hivi. Nilitaka niingie kwa miguu kama walivyoingia wa zamani. Niliondoka saa nne asubuhi, na hapo ndipo nilipoanza kukosea. Juni Kigoma haina wingu. Barabara inapanda kutoka ziwani kwenda Mwanga, mlima wa kweli, na mimi nilikuwa na chupa ndogo moja ya maji na kandambili za mjini. Nilifika Mwanga sokoni kichwa kinagonga, nikakaa chini ya kibanda cha muuza vitenge mpaka adhuhuri. Yule dada akanipa maji bila kuniuliza jina. Tangu siku hiyo nilikuwa natoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, narudi kabla ya saa nne, kisha natoka tena baada ya alasiri. Jua la katikati uwaachie wenye kazi isiyosubiri.

Hata hivyo sijutii kutembea, kwa sababu ule mwendo ndio ulionielewesha kwa nini Ujiji ni Ujiji na Kigoma ni Kigoma. Kabla ya reli, mji ulikuwa Ujiji. Misafara iliyotoka Bagamoyo, zaidi ya kilomita elfu moja, ilimalizia safari pale, na kutoka pale mitumbwi ilivuka kwenda Manyema, upande wa Kongo, kufuata pembe za ndovu na watu waliofanywa watumwa. Watu wengi wa Ujiji hata leo watakwambia asili yao ni Umanyema. Wajerumani walipoifikisha reli ziwani mwaka 1914 hawakuipeleka Ujiji, ambako ufuko ni wazi na maji yake si ya kina. Waliipeleka kwenye ghuba ya Kigoma, yenye kina na kinga ya upepo. Meli ikafuata reli, maduka yakafuata meli. Ukiwa ndani ya gari, hilo hulioni. Ukitembea, unaona maghorofa yanakwisha, benki zinakwisha, nyumba zinainama, miembe inaanza kuwa mikubwa kuliko nyumba, na ghafla watu wamekaa barazani tena, wanakutazama ukipita.

Siku ya pili nilitegemea ramani ya simu. Ilinionyesha barabara kuu, majina ya kata na maduka machache. Lakini nilipouliza njia kwa majina ya kata, Kitongoni iko wapi, Kasimbu inaanzia wapi, watu walinijibu kwa majina mengine kabisa: kwenye mwembe wa fulani, ulipokuwa mnada, msikiti wa zamani, kisima cha kina nani. Mitaa ile inatembelewa kwa kumbukumbu. Vitu vingine walivyonitajia havipo tena. Nilielekezwa mara mbili "pale ulipoanguka mbuyu," na nilipofika sikuona mbuyu wala gogo, niliona duka la vifaa vya ujenzi. Kwa anayekaa pale, mbuyu bado upo. Tangu siku hiyo sikuuliza tena "iko wapi," niliuliza "zamani palikuwa na nini hapa," na majibu yakawa marefu zaidi.

Sasa nifike kwenye aibu.

Siku ya tatu niliona nimepata akili. Kama ni hatua 340 kutoka mlangoni hadi majini, basi nianzie majini. Niliteremka ufukweni, nikageukia mji, nikaanza kuhesabu kwa sauti huku nikiandika kwenye daftari kila nilipofika hamsini. Niliishia uani kwa mtu, pana banda la kuku. Nikarudi, nikasogea pembeni kama mita ishirini, nikaanza tena. Mara ya tatu nilikuwa na watoto kama kumi nyuma yangu wanahesabu pamoja nami, wanafurahi, na mimi nafurahi. Sikuona kwamba milangoni watu wazima wamesimama na hakuna anayecheka.

Mzee mmoja akanisimamisha. Sikumwamkia kwanza, nilikuwa katikati ya namba.

"Mwanangu, unapima nini?"

Ndipo nikasema shikamoo, kwa kuchelewa. Akaitika marahaba, akauliza tena.

"Sipimi, baba, nahesabu hatua. Kutoka ziwani hadi hapa. Mia tatu na arobaini."

Nilisema kwa furaha, kama mtu aliyetegua kitendawili. Mama mmoja aliyekuwa mlangoni kwake akapiga kofi moja la mshtuko. "Walisema sitini! Leo imekuwa mia tatu na arobaini?"

Kama hujui Ujiji ya mwaka ule, huwezi kuusikia uchungu wa sentensi hiyo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Na Ziwa Tanganyika lilikuwa limepanda mwaka hadi mwaka, likimeza fukwe, vibanda, minazi na nyumba za watu, Ujiji na Kibirizi na ng'ambo ya mpaka, Burundi, vilevile. Mtu aliyejenga mbali na maji akaamka maji yako uani. Zile mita 60 unazihesabu kutoka wapi, wakati ukingo wenyewe unatembea? Hilo ndilo swali lililokuwa likiwanyima watu usingizi, na mimi nikatokea na daftari, nimevaa suruali, sijulikani, napima kutoka majini kuingia ndani, naishia kwenye nyumba zao.

Walinipeleka ofisi ya mtaa. Hakuna aliyenigusa wala kunitukana, nataka hilo lijulikane. Lakini walikuwa wengi, na walikuwa wamekasirika kwa woga, na hasira ya namna hiyo haina mlango wa kuingilia ukaizungumza. Mwenyekiti hakuwepo. Nilikaa kwenye benchi kutoka saa tano mpaka karibu na alasiri, daftari langu likipita mkono kwa mkono. Wifi yangu alikuja kutoka Mwanga kwa bodaboda, mtoto mgongoni. Yeye ndiye aliyepokea maneno. "Umepokea mgeni, umemwachia azurure mitaani kwetu bila kumleta?" Alinyamaza, akainamisha kichwa kwa kosa langu. Mpaka leo nikikumbuka shingo yake ilivyoinama najisikia vibaya kuliko kwa jambo lolote la safari ile.

Mwenyekiti alipofika alinisikiliza habari za mama na za hatua zake mpaka mwisho. Akanirudishia daftari, akasema ningeanzia kwake angenipa mtu wa kunitembeza tangu siku ya kwanza. Ni kweli. Ilihitaji dakika kumi tu: kitambulisho, jina la mwenyeji wangu, sababu ya kuja, nikaandikwa kwenye kitabu cha wageni. Kama utakwenda kutembea mtaa wowote ambao una alama za X ukutani, au unazungumziwa habari za upimaji, fidia au barabara mpya, anzia kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa. Hata kama mama yako alizaliwa pale. Hasa kama mama yako alizaliwa pale, kwa sababu utadhani huhitaji. Na usiandike chochote mbele za watu. Kalamu inaogopesha kuliko simu. Mimi nilianza kukumbuka kwa kichwa na kuandika usiku, na nashangaa jinsi kichwa kinavyobeba vingi kikijua hakina msaidizi.

Suruali nayo niliiweka sandukuni. Wifi alinifunga kitenge na kunipa mtandio, na hakuna aliyeniamrisha. Ujiji ni mji wa dini na wa staha, na niliona tofauti siku ileile kwa jinsi akina mama walivyoanza kuniita "mwanetu."

Mtu niliyepewa na mwenyekiti alikuwa, nisiamini macho yangu, yuleyule mzee aliyenisimamisha. Alikuwa fundi wa mitumbwi, mikono sasa inatetemeka, hafanyi tena kazi hiyo. Jambo la kwanza alilonifanyia ni kunipeleka kwenye kumbukumbu ya Livingstone. Sikutaka kwenda, niliona ni mambo ya watalii. Nashukuru nilitii. Pale ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, chini ya mwembe ambao ulishakufa, na miembe iliyopo sasa ni kizazi chake. Mzee hakunionyesha sanamu wala jiwe lenye ramani ya Afrika. Alinigeuza mgongo. "Tafuta ziwa."

Ziwa lilikuwa mbali, chini, nyuma ya miti na mapaa.

"Walipokutana hawa, maji yalikuwa yanafika karibu na hapa," akasema. "Ziwa hili linatembea, mwanangu."

Mhudumu wa pale akatueleza vizuri zaidi. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga upande wa Kongo. Katika karne ya 19 mlango huo ulikuwa umezibwa kwa tope na majani, ziwa likajaa na kujaa, mpaka mwaka 1878 kizibo kikavunjika. Katika miaka iliyofuata maji yakashuka karibu mita 10. Ufuko wa Ujiji ukarudi nyuma mbali, na watu wakayafuata maji, kama wavuvi wafanyavyo, wakajenga kwenye ardhi iliyokuwa ziwa. Mzee akaendeleza kwa yale aliyoyaona mwenyewe. Mvua kubwa za mwaka wa uhuru zilipandisha ziwa tena, na mwaka 1964 yeye akiwa kijana walihamisha vyombo usiku. Kisha likashuka pole pole miaka mingi, watu wakasahau, wakauziana viwanja. Na sasa limerudi.

Halafu akaniuliza swali ambalo lilivunja hesabu yangu yote. "Hizo hatua mama yako alizihesabu mwaka gani?"

Sikujua. Sikuwahi kumuuliza. Alikuwa na miaka minane? Kumi na tatu? Kila mwaka ziwa lilikuwa mahali pengine. Nilikuwa nimeishika namba ile miaka yote kama anwani, kumbe upande mmoja wake ulikuwa maji. Nilikaa chini ya mwembe pale nikalia, na mzee akasimama kando akitazama upande mwingine mpaka nikamaliza.

Ndugu msomaji, kama mama yako yuko hai, muulize miaka. Sisi huuliza "ilikuwaje," wanatusimulia, tunaridhika. Uliza ilikuwa mwaka gani, ulikuwa darasa la ngapi, jirani wa kulia alikuwa nani, mliswali msikiti gani, mlinunua wapi chumvi. Ukuta huanguka na ufuko huhama, lakini jina la jirani lina wajukuu.

Baada ya hapo mbinu ilibadilika. Tuliacha kutafuta mahali, tukaanza kumtafuta mtu: mwanamke aliyeuza mawese barazani miaka ya sitini na sabini, mwenye binti mmoja, aliyehamia Tabora. Kwa siku nne nilikaa na mzee kwenye mabaraza ya kahawa. Nilijifunza mengi ya ajabu pale, kuanzia siasa za mji mpaka jinsi taa za sola zilivyochukua nafasi ya karabai kwenye uvuvi wa dagaa. Lakini kuhusu bibi, hakuna. Wanaume walikumbuka mashua za wenzao kwa majina na miaka. Hawakukumbuka nani aliuza mawese. Siku ya nne usiku wifi yangu, akikoroga sombe jikoni, akasema kwa upole, "Lakini dada, mawese alinunua nani? Si wanawake?" Siku nne nilikuwa nimekaa upande usio wa bibi.

Kesho yake alinipeleka yeye kwa akina mama wa ufukweni. Wakati ule serikali ilikuwa imelifunga ziwa kwa uvuvi, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wapate kuzaliana. Zile sehemu za kuanikia dagaa zilikuwa tupu, zimefagiliwa, na upande mmoja zimemezwa na maji. Sijawahi kusikia Ujiji imenyamaza hivyo. Akina mama walikuwa na muda wa kuongea, na muda wenyewe ulikuwa umetokana na kipato kusimama. Hilo lilinipa shida moyoni. Nilikuja kuulizia habari za mtu aliyekufa kwa watu ambao wanafikiria chakula cha jioni. Sikutoa fedha mkononi, wifi alinikataza, alisema ukitoa fedha kwa neno utaletewa maneno mengi. Tulinunua walichokuwa wakiuza: mawese, muhogo mkavu, mikeka. Tulipokwenda kwa mgonjwa tulibeba sukari na sabuni. Sehemu kubwa ya zile 180,000 iliishia hapo, na sioni kama nilipoteza.

Mara mbili nilitoka peke yangu na mara zote mbili nilijikwaa. Siku moja nilipiga picha machweo upande wa Kigoma bila kuangalia nimesimama wapi. Mlinzi akanifuata, akanitaka nifute picha zote zilizoonyesha eneo lile, nikafuta, na kwa mkono uliokuwa ukitetemeka nikafuta pamoja na picha tatu za mzee ambazo sitazipata tena. Karibu na bandari, stesheni na majengo ya serikali omba ruhusa kwanza, au weka simu mfukoni. Siku nyingine niliingia majini hadi magotini, kusini kuelekea mdomo wa mto Luiche, kuosha miguu. Kijana aliyekuwa anashona wavu akanipigia kelele nitoke. Kuna mamba, na kwenye maji yaliyotulia yenye majani kuna kichocho. Nilipofika nyumbani kaka alinifokea kama mtoto, na nilistahili. Kandambili zilikatika siku hiyohiyo. Nilinunua raba za mtumba Mwanga, na ningezinunua siku ya kwanza miguu yangu ingekuwa na malengelenge machache.

Siku ya 15, bibi mmoja mzee sana, kipofu, anayekaa na mjukuu wake, alisikiliza maelezo yetu akitafuna kitu taratibu. Akauliza: "Yule Mmanyema aliyekuwa anapimia kibaba kilichobonyea?"

Sikuwa nimesikia habari ya kibaba kilichobonyea tangu nikiwa na miaka kumi. Mama alikuwa akituambia kwamba kibaba cha bibi kilibonyea upande mmoja na wateja walikuwa wakigombana naye kwamba kinapunja, naye anaongezea kijiko kimoja kila mara ili mtu asiende na lawama hiyo msikitini. Nikamshika yule bibi mkono. Akanipapasa uso wote, paji, pua, kidevu. "Kidevu ni chake," akasema.

Akatuelekeza bila kutaja barabara hata moja. Kutoka msikiti fulani, ifuate njia iliyokuwa ya kwenda ziwani, nyumba ya tatu baada ya palipokuwa na mashine ya kusaga, yenye mwembe nyuma.

Sikwenda siku hiyo, ingawa miguu ilitaka. Mzee alinizuia. Alisema ukibisha hodi kwenye nyumba ya mtu ukasema hapa palikuwa kwa bibi yangu, atasikia neno moja tu: kiwanja. Tulimpitia kwanza mjumbe, naye akapeleka taarifa jioni, na asubuhi yake tukaenda watu wanne, mimi, wifi, mzee na mjumbe. Sentensi yangu ya kwanza baada ya salamu niliifanyia mazoezi usiku kucha: "Mama, sijaja kudai kitu. Nimekuja kuona tu mahali mama yangu alipokuwa akianzia kuhesabu." Nawaomba muiweke sentensi hiyo mbele ya yote. Niliona mabega ya yule mama yakishuka. Alikuwa ameshaandaa mkataba wake wa kununulia, ameushika ndani ya bahasha ya kaki. Nikamwambia asiutoe.

Hakuna kilichobaki cha nyumba. Ni ya matofali ya saruji sasa, bati la bluu, geti la chuma, mbele fremu mbili za biashara, moja ya wakala wa fedha na moja ya kusukia nywele. Njia ya kwenda ziwani imekatwa na ukuta wa jirani. Lami imepita karibu, na mtaro wa zege. Ningepita hapo mara ishirini, na nadhani nilipita.

Lakini mwembe upo. Umekatwa upande mmoja kupisha nyaya za umeme, upande wa pili bado unazaa. Mama mwenye nyumba alinitolea kigoda, akaniacha nikae chini yake, akaniletea maji ya kunywa kwenye kikombe cha bati. Sikufikiri chochote cha maana. Nilitazama mizizi tu. Mzee na wifi walikuwa wakiongea na mwenye nyumba habari za bei ya mawese, na nilipenda kwamba bei ya mawese ilikuwa inazungumzwa mahali pale.

Kabla ya kuondoka niliomba ruhusa ya mwisho. Nilimwomba mjumbe atangulie kuwaambia majirani ninachofanya, ili isiwe kama ile siku. Nikasimama getini, uso ziwani, nikaanza. Ukuta wa jirani ulinilazimisha kuzunguka. Watoto wakanifuata tena, na safari hii watu milangoni wakawa wananisaidia kuhesabu. Nilifika majini kwenye 231. Pale maji yalipoishia palikuwa na ngazi mbili za nyumba ya mtu, nyumba yenyewe haipo.

Nikampigia simu dada yangu Tabora palepale, miguu imelowa. Nikamwambia nimepata, mwembe upo, na kutoka mlangoni hadi majini sasa ni hatua 231.

Akakaa kimya kidogo. Kisha akauliza, "Hatua zako, au zake?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia asikate simu. Nikarudi mpaka getini kwa mwenye nyumba, nikaazima ndoo, nikaijaza nusu, nikajitwika, nikaanza tena kuteremka, polepole, kwa hatua fupi.